Tupeane uzoefu: Umewahi kuvunja kanuni gani katika mchezo wako wa kusaka muuaji, na wachezaji walikupokeaje?

Mleta mada (Mtwara mjini)

Ndugu wanachama, baadhi yetu hapa tunatunga michezo ya kompyuta na ya simu ya kusaka muuaji kwa mapenzi tu, bila kuiuza, tukifuata nyayo za Danganronpa, ule mchezo wa Kijapani uliotoka mwaka 2010, ambamo wanafunzi 15 wanafungiwa shuleni na dubu aitwaye Monokuma anawatangazia kwamba atakayetaka kutoka sharti amuue mwenzake na asigundulike. Shabiki wa mchezo huo anazijua hatua zake kama anavyoijua njia ya kwao: mauaji, kukusanya dalili, kesi, kura, adhabu. Anayajua pia mazoea ambayo hayakuandikwa popote, kwa mfano kwamba sura ya tatu huwa na maiti wawili. Hapo ndipo penye shida yetu watunzi, kwa sababu mchezaji wa namna hiyo haangalii tena dalili tulizomwekea, bali anahesabu sura na kukisia. Ndiyo maana tunalazimika kugeuza mambo. Naomba kila aliyewahi kugeuza kanuni atueleze aligeuza ipi na ilimfikisha wapi. Nami naanza.

Mchezo wangu niliutoa shuleni nikaupeleka kwenye ghala la korosho wakati wa minada, mvua zimeanza, barabara imekatika, na watu 12 wamelala humo humo pamoja na magunia. Mhusika anayeongozwa na mchezaji ni karani wa mizani, na karani huyo ndiye muuaji. Wazo lenyewe si geni. Agatha Christie alimfanya msimulizi kuwa muuaji katika riwaya yake ya mwaka 1926, na mwaka 1983 Yuji Horii wa Japani alitunga mchezo wa kompyuta ambamo mhalifu ni msaidizi wa mpelelezi, yule yule anayetumwa na mchezaji tangu mwanzo. Nikaona kwamba kama wao waliweza, nami naweza.

Nilimpa mdogo wangu wa kike aujaribu kwenye simu, kwa kuwa Ren'Py, programu ya bure ambayo wengi wetu tunaitumia, hutoa pia michezo ya Android. Alikaa barazani tangu baada ya magharibi. Alipofika kwenye kesi na muuaji akatajwa, aliiweka simu mapajani, akaniuliza: «Kaka, mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza muda wote. Nilimuua saa ngapi?»

Sikuwa na jibu. Katika kanuni 10 za hadithi za upelelezi alizoziandika Mwingereza Ronald Knox mwaka 1929, mojawapo inasema kwamba mpelelezi asiwe yeye mwenyewe mhalifu, na nyingine inasema kwamba mpelelezi asitumie dalili ambayo msomaji hakuonyeshwa. Mimi nilikusudia kuivunja ile ya kwanza, na kwa uzembe nikaivunja na ya pili. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba kanuni hizi si za aina moja: nyingine ni mazoea tu, na hayo tuyapindue tupendavyo, lakini nyingine ni ahadi kati ya mtunzi na mchezaji. Nilivyorekebisha nitaeleza nikishawasikia ninyi.

Mwanachama kutoka Newala

Ahsante, mleta mada. Kisa changu ni kirefu kidogo, naomba mnivumilie.

Mimi nilitaka kuitumia ngoma ya mapiko. Kwa wasioijua, lipiko ni kinyago cha kuvaa kichwani kinachochongwa kwa mti mwepesi, na mchezaji ngoma hufunikwa nguo mwili mzima, wala haisemwi ni nani aliye ndani. Mtu yeyote aliyesoma hadithi mbili tatu za mauaji akimwona mvaa kinyago atajua la kutarajia: ama huyo ndiye muuaji, ama katikati ya ngoma mtu mwingine amevaa kinyago hicho na mwenye nacho amekwenda kuua, na mwishoni kinyago kitavuliwa mbele ya watu wote.

Kwetu huwezi kuyagusa mambo ya jando na mapiko bila kwenda kwa mjomba, kwa hiyo nilikwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anamenya muhogo, kisha akasema: «Mjomba, tunga. Ila humo ndani asivuliwe mtu lipiko mbele ya kina mama na watoto.» Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu, maana hadithi nzima nilikuwa nimeijenga juu ya kule kuvuliwa. Nilikaa nalo jambo hilo wiki kadhaa, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo nilivyoona kwamba mzee alikuwa amenipa kitu ambacho nisingekipata peke yangu. Ikiwa kinyago hakivuliwi kamwe, basi mchezaji lazima amjue muuaji bila kuuona uso wa mvaa lipiko, na hadithi lazima ikamilike siri hiyo ikiwa palepale.

Nikaamua kwamba mvaa lipiko hakubadilishwa. Alicheza mwanzo hadi mwisho na hana hatia. Aliyetoka ni mpigaji mmoja wa ngoma, kwa sababu macho yote yalikuwa kwa mvaa lipiko na hakuna aliyewatazama wapigaji. Dalili niliiweka kwenye sauti yenyewe: nusu ya kwanza ya tamasha inasikika milio minne ya ngoma, nusu ya pili mitatu, na ule mdogo wenye mlio mkali umetoweka.

Niliwapa watu 5 wajaribu, na wote 5 wakaikosa. Kumbe wote walikuwa wamecheza simu ikiwa kimya, mmoja kwenye basi, mwingine kitandani mtoto amelala. Dalili ilikuwepo, lakini kwao ilikuwa kama haipo. Sikuiondoa, ila niliiongezea pacha wa maandishi: bibi mmoja aliyekaa pembeni, ambaye mchezaji anaweza kumpita bila kuzungumza naye, akiulizwa habari za ngoma anajibu, «Ilianza vizuri, baadaye ikapwaya.» Neno hilo moja, kupwaya, ndilo linalobeba kesi nzima, na sasa wanaoshindwa wakirudi kwa yule bibi wanakiri kwamba waliambiwa.

Mtega kitendawili ana haki ya kudai mji pale mtu anaposhindwa, lakini haki hiyo anaipata kwa sababu jibu likitajwa kila mtu analiona lilivyokuwa ndani ya swali. Anayetega kitu kisichoteguka hastahili mji wowote.

Mwanachama kutoka Lindi

Habari zenu. Mimi nilivunja ile kanuni ya kisiwa, kwamba watu wamekwama, hakuna anayeingia wala kutoka, na kwa hiyo muuaji ni mmoja wao. Kisiwa changu ni cha kubuni, kidogo, mbele ya pwani yetu, na wageni 9 wamelala huko baada ya mashua kuharibika. Wachezaji wote walianza kwa kuwahesabu hao 9 na kupanga nani alikuwa na nani. Muuaji alikuwa mtu wa 10, aliyetoka bara kwa miguu.

Alikuja usiku wa bamvua. Mtu wa pwani hahitaji maelezo: mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hukupwa mbali sana, na mahali ambapo siku za maji mafu hupiti bila chombo unaweza kupita ukiwa umelowa magoti tu. Majirani zangu walioujaribu waliligundua upesi, wengine kabla hata ya kesi kuanza. Binamu yangu anayeishi Dodoma aliponipigia simu alikuwa amekasirika kweli. Aliniambia, «Dada, umenidanganya. Ulisema ni kisiwa.» Kwake yeye maji yaliyozunguka kisiwa ni ukuta, tena ukuta hausogei.

Alikuwa na haki, na nililikubali kosa langu. Jambo ambalo kwangu ni la kawaida, kwake lilikuwa dalili iliyofichwa. Sasa jikoni kwenye nyumba ya kisiwani pana kalenda yenye alama ya mwezi mpevu, na mwanamke mvuvi wa pweza anamwambia mpishi asubuhi kwamba kesho atafika mpaka kwenye miamba ya mbali kwa kuwa ni bamvua. Pia niliweka ndoo ya viatu vyenye matope ya mikoko mlangoni. Mtu wa Dodoma akivisoma vitatu hivyo kwa pamoja anaweza kuuona mlango uliokuwa wazi. Nawasihi wenzangu wa mikoa yetu, tukitumia vitu vya kwetu, na ni vizuri tuvitumie, tusimwache mgeni nje ya fumbo.

Mwanachama kutoka Masasi

Mimi nitasema kwa ufupi kwa sababu bado inaniuma. Niliamua kwamba katika sura yangu ya mwisho hakuna muuaji. Marehemu alianguka mwenyewe kutoka kwenye jabali alipokuwa akikimbia mvua. Dalili zote zilikuwepo: kandambili iliyokatika, ukoka uliong'oka, alama za kuteleza. Rafiki yangu aliucheza mbele yangu, akafika mwisho, akafunga kompyuta mpakato taratibu na kuniaga. Kesho yake alinieleza kwamba alijihisi ameibiwa saa sita za maisha yake. Tangu hapo nimeamini kwamba kuna kanuni moja isiyoguswa: muuaji lazima awepo.

Mwanachama kutoka Lindi

Ndugu yangu wa Masasi, pole, lakini naomba kutofautiana nawe. Nimeucheza mchezo wako na sidhani kwamba ajali ndiyo iliyomkera rafiki yako. Kwenye kesi ulimwonyesha picha 7 za washukiwa na ukamtaka achague mmoja. Hukumpa mahali pa kusema kwamba hakuna aliyeua. Hata kama aliiona kandambili na kuielewa, mchezo ulimlazimisha amtie hatiani mtu asiye na hatia, halafu ukamwambia amekosea. Ile skrini ya kura nayo ni maneno yako, na ilisema uongo. Weka nafasi ya nane iliyo tupu, isiyo na picha, kisha mpe tena aucheze.

Mwanachama kutoka Masasi

Sikuwahi kulitazama hivyo. Usiku huu nitaliandika.

Mleta mada (Mtwara mjini)

Ahsanteni sana. Hoja ya skrini ya kura imenigusa, kwa sababu mimi nami suluhisho nililipata kwenye vitu ambavyo mchezaji huvibonyeza bila kuvitazama.

Sikuongeza tukio lolote. Ofisini kwa karani wa mizani pana saa ya ukutani, na tangu mwanzo ilikuwa ikionekana pembeni mwa picha kama pambo tu. Niliifanya itembee. Mchezaji akiingia ofisini usiku ule, saa inaonyesha 2:10. Anapewa chaguo moja, «Funga mlango», analibonyeza, na sentensi inayofuata inasema, «Nilifanya kilichobaki, kisha nikarudi kwa wenzangu.» Saa inaonyesha 2:40. Hakuna neno la uongo hapo, na kila neno nililipima kama korosho ya daraja la kwanza. Niliogopa jambo moja tu: Ren'Py humruhusu mchezaji kurudi nyuma skrini moja moja, na watu waliniambia nikizime kipengele hicho ili wasinigundue mapema. Nilikiacha. Atakayerudi kuitazama saa amestahili kujua.

Ilibidi ningoje miezi mitatu ili mdogo wangu asahau kidogo, na nilibadilisha majina ya wahusika na mpangilio wa sura ili asidhani ni mchezo ule ule. Jumamosi iliyopita alikaa tena barazani. Alifika ofisini, akafunga mlango, akasoma ile sentensi na kuipita. Alipita skrini tatu zaidi. Kisha kidole chake kikasimama, akarudi nyuma moja, mbili, tatu, nne, akaisogeza simu karibu na uso.

«Kaka,» aliniuliza bila kuinua macho, «hii nusu saa nilikuwa wapi?»