Mita za gesi za wapangaji: zifungwe chini ya ngazi au nje ya ukuta? Naomba ushauri

Mwenye Ploti, Kira:
Ndugu zangu, salaam. Ninajenga nyumba ya ghorofa yenye makazi sita ya kupangisha katika Manispaa ya Kira, Uganda. Sikutaka kila mpangaji awe anapandisha mtungi wake ngazini, kwa hiyo nimekubaliana na kampuni moja ya gesi iweke mitungi mikubwa nyuma ya nyumba, ivute mabomba hadi kila jiko, na kumfungia kila mpangaji mita yake. Michoro waliyoniletea wiki iliyopita inaonyesha mita zote sita, pamoja na regyuleta (kifaa cha kupunguza presha ya gesi), zikiwa katika kabati la mbao chini ya ngazi, kwa sababu, wanasema, msomaji wa mita atazikuta mahali pamoja na mwizi hatazifikia kwa urahisi. Ngazi hiyo ndiyo njia pekee ya kushukia. Mke wangu alipoutazama mchoro aliuliza jambo moja tu: gesi ikivuja usiku, watoto wa juu watapita wapi? Sikuwa na jibu. Je, kampuni ina haki ya kuchagua mahali inapotaka kwa kuwa mita ni mali yake? Na nchi zilizozoea gesi ya bomba majumbani zina kanuni gani?

Fundi Mabomba:
Mzee, swali la mama ni la msingi kabisa. Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu usalama wa gesi zinakataza mita kufungwa mahali ambapo itaathiri njia ya watu kutorokea moto, na zinataka kisanduku cha mita kilichojengwa kwenye ukuta wa nje kiwe cha namna ambayo gesi ikivuja humo haiwezi kuingia nyumbani wala katika uwazi wa ukuta, bali itawanyike hewani. Marekani nao, katika kanuni za serikali kuu, wanaitaka kampuni iweke mita mahali panapofikika kwa urahisi, iikinge na kutu na madhara mengine, na ikiwa nje, iikinge na magari. Ikiwa ndani ya jengo, lazima iwe mahali penye hewa, umbali usiopungua futi 3 kutoka kwa chochote kinachoweza kuwasha moto. Kwa hiyo mita inaweza kuwa mali ya kampuni, lakini mahali pake panaamuliwa na usalama wa wanaoishi humo. Kabati la mbao lililofungwa, chini ya ngazi pekee, halitimizi hata nusu ya hayo.

Dada Mhandisi, Jinja:
Naongeza jambo kuhusu regyuleta, kwa sababu watu huitazama mita wakaisahau. Regyuleta ndiyo inayopunguza presha, na nyingi zina tundu la kupumulia ambalo hutoa gesi kifaa kinapoharibika. Tarehe 10 Agosti 2016, huko Silver Spring, Maryland, Marekani, jengo la makazi ya kupanga lililipuka na watu 7 wakafariki. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba regyuleta iliyokuwa ndani ya jengo ilishindwa kufanya kazi, na bomba lake la kupumulia, ambalo lilipaswa kupeleka gesi nje, halikuwa limeunganishwa. Baada ya hapo wakapendekeza regyuleta mpya zifungwe nje ya majengo yanayokaliwa na watu. Mimi hukisoma kisa hicho kila ninapoletewa mchoro, kwa kuwa kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba fundi yeyote aliyechoka jioni angeweza kulifanya.

Mzee wa Mbale:
Hayo ni kweli, lakini tusisahau tunaishi wapi. Kwangu mita ya maji iling'olewa ukutani usiku mmoja ikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mita ya maji ikiibwa yanamwagika maji. Ya gesi ikiibwa je? Hata Pennsylvania, jimbo la Marekani, kanuni ya 2014 ilipotaka mita ziwe nje, majengo ya kihistoria yaliachiwa nafasi ya kufikiriwa mita za ndani. Kila mahali pana mazingira yake.

Fundi Mabomba:
Mzee wangu, hofu yako ni ya haki, na dawa yake ni kizimba cha nondo na wavu wa chuma chenye kufuli, kilicho wazi chini na juu, pamoja na koki ya kuzima laini yote ambayo mlinzi na wapangaji wanaijua. Hata mita nyingi za Yaka, zile za umeme wa kulipia kabla, zilipandishwa nguzoni, nje ya nyumba, na mpangaji akabaki na kidude cha kubonyezea namba ndani.

Lakini kuna jambo ambalo kanuni za wenzetu hazitatufundisha tukizinakili tu. Gesi ya bomba ya miji yao aghalabu ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na hupanda. Ya mitungi yetu ni propani na butani, nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu hadi mbili, nayo hutambaa chini kama maji na kujikusanya shimoni na mitaroni. Basi mwenye ploti, usitosheke kusikia "nje." Uliza, chini ya mita hizo pana nini?

Mwenye Ploti, Kira:
Asanteni sana. Nimekwenda kupima. Ukuta wa nyuma una mtaro wa maji ya mvua chini yake kabisa, na ukuta wa mashariki hauna mtaro wala dirisha, ila ndiko magari yatakakogeuzia.

Fundi Mabomba:
Chagua wa mashariki, usimike nguzo za chuma zilizojazwa zege mbele ya kizimba. Magari yanazuilika, gesi iliyokwisha kuingia mtaroni huwezi kuirudisha.

Dada Mhandisi, Jinja:
Na mchoro mpya usiishie kwa kampuni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, kamati ya majengo ya manispaa ndiyo inayoidhinisha michoro. Peleka mabadiliko haya kwao kabla ukuta haujapigwa plasta, yakionyesha mita, regyuleta, koki na mtaro kwenye karatasi moja.

Mwenye Ploti, Kira:
Nitaupeleka Jumatatu, na kabati la mbao nimekwisha kuamuru liondolewe.