Nimeenda dukani na kikapu changu, wamekizuia mlangoni halafu wakaniuzia mfuko!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Jumamosi nimetoka kwangu Kimara na kikapu cha ukindu, kikubwa, cha mikono miwili, alichonitumia mama mkwe kutoka Tanga. Ndani nimeweka vikopo viwili vyenye mfuniko, cha nyama na cha samaki. Huu ni mwezi wa tatu nyumbani tunajaribu kupunguza plastiki, na aliyelianzisha ni mimi, kwa hiyo nikirudi na rundo la nailoni watoto wananicheka.

Nafika supamaketi moja (jina naliacha, sitafuti kesi). Mlinzi: "Mama, kikapu kinabaki hapo."

Namwambia ndicho nitakachobebea. "Utakichukua ukitoka, ni utaratibu." Haya, najua watu wanaiba. Nikapewa namba, kikapu kikapangwa na mabegi ya wanafunzi, vikopo vyangu humohumo.

Ndani sasa. Nyanya nne zimelazwa kwenye kisahani cha plastiki ya povu na kuzungushiwa nailoni. Hoho moja, peke yake, imefungwa. Ndizi zimefungwa! Ndizi, jamani, tunda ambalo Mungu mwenyewe kalivisha ganda. Upande wa nyama kijana akanipimia kilo, akaitia mfuko wa kwanza, kisha wa pili "isivuje". Nikamuuliza, nikifuata kopo langu pale mlangoni utanitilia humo? Akasema mashine haijui uzito wa kopo langu. Mangi wa mtaani kwetu ana mzani wa kizamani, anaweka kopo tupu, anasoma, anajaza, anatoa uzito wa kopo, kwisha. Mashine ya mamilioni imeshindwa hilo?

Nafika kaunta. Binti bila hata kunitazama: "Mfuko wa mia tano au wa elfu?"

"Mwanangu, nina kikapu, mmekizuia mlangoni."

"Huwezi kutoka na vitu mkononi mama, mlinzi atakusumbua."

Mlinzi ni yuleyule aliyezuia kikapu! Basi nikanunua mfuko wa mia tano wa kubebea vitu hatua kama kumi na tano, nikafika mlangoni, nikahamishia kila kitu kwenye kikapu changu mbele ya mlinzi, naye ananitazama kama nimechanganyikiwa. Mfuko wenyewe umechorwa jani la kijani na maneno "tunza mazingira".

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Hii mifuko tunayoiita mbadala, ile laini kama kitambaa, wengi wetu tunadhani ni pamba. Ni plastiki. Ni polipropilini, ndugu yake salfeti la mchele. Iache juani miezi michache uone inavyopukutika nyuzinyuzi. Serikali ilituambia iwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba ili mtu aitumie mara nyingi. Huo wa mia tano ukiuinua kwenye mwanga unamwona jirani upande wa pili. Ukitia viazi kilo tatu, mkono wake unakatikia njiani.

Mwaka 2019 sisi tulitii. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alitangaza bungeni mwezi wa nne marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea, na ilipofika tarehe 1 Juni mifuko hiyo, yaani rambo, ikapotea madukani. Mtu wa kawaida akikamatwa nayo, faini ni kuanzia elfu 30 hadi laki 2, au ndani hadi siku saba, au vyote viwili. Nakumbuka jirani yangu alivyokuwa akizificha za kwake chini ya godoro kama bangi. Kweli mitaro ilipumua kidogo.

Ila kanuni ziliacha vifungashio: vya dawa, vya viwandani, vya kilimo, vya vyakula vinavyosindikwa. Sina ugomvi na hilo, maziwa na vidonge haviwezi kufungwa kwenye gazeti. Lakini kile kimfuko cheupe kilichoachwa kwa ajili ya karanga na ubuyu leo ndicho kinachobeba nyanya, dagaa, mkaa wa buku, chipsi za moto na supu. Hakina jina la kiwanda, hakina chochote. Rambo ilikufa ikaacha watoto, na watoto ni wengi kuliko mama. Rambo angalau ulikuwa unaiosha na kuianika kwenye kamba ukaitumia tena. Haya madude yanachanika ukiwa bado unafungua.

Chipsi ndizo siwezi kuzisamehe. Zinatoka kwenye mafuta yanayochemka moja kwa moja kwenye nailoni, fundo, yenyewe inalegea na kunata kwenye viazi, halafu tunampa mtoto. Nimemwambia kaka wa kibanda tilia kwenye sahani yangu, akasema sawa, akatilia kwenye nailoni, akaiweka nailoni juu ya sahani. Naapa.

Nisijifanye malaika. Wiki ya kwanza ya zoezi letu nilimwaga ndoo ya taka nyuma ya nyumba nikahesabu: vipande 61 vya plastiki kwa watu watano! Vifuko vya maji ya kandoro vya watoto 14. Na mimi mwenyewe kwa miaka nimefunika wali kwa nailoni ili uive kwa mvuke, kama alivyonifundisha shangazi, na nimewashia jiko la mkaa kwa mfuko. Unajua ule moshi mweusi unaokaba koo? Tumeuvuta tangu utoto tukiuita harufu ya jikoni. Sasa nafunika kwa jani la mgomba kutoka kwa jirani, mkaa nawashia maganda ya nazi. Wiki iliyopita tulifika vipande 23.

Hizo 23 ndizo zisizoshuka, kwa sababu siyo mimi ninayezileta. Naletewa. Muuza dagaa ana mkono mwepesi, kabla hujafungua kopo ameshafunga fundo. Mkate umo kwenye nailoni, chumvi nailoni, sabuni ya unga nailoni. Ada ya taka nalipa kila mwezi, gari linapita likijisikia, na lisipopita jirani anachoma zote jioni nguo zangu zikiwa kwenye kamba.

NYONGEZA: Mnaoniambia "nenda sokoni, supamaketi ulifuata nini", sokoni nimeenda jana. Bucha alicheka, ila aliitia nyama kwenye kopo, na mafuta nimepimiwa kwenye kidumu changu bila maneno. Kwa hiyo inawezekana. Na wewe uliyeandika "mama umekosa kazi", kazi ninayo, ndiyo maana nina hasira na mia tano yangu.

NYONGEZA 2: Leo nimerudi palepale na mfuko wao wenyewe wa mia tano, umekunjwa mkononi, risiti ninayo. Mlinzi: "Mama, mfuko unabaki hapo." Nikaomba kuonana na meneja. Nimesubiri dakika arobaini kwenye kibenchi karibu na friji ya soda, nikaambiwa ametoka. Nitarudi Jumatatu na kikapu. Mwenye kujua duka Kimara hadi Mbezi linaloruhusu mtu kuingia na chombo chake, aandike hapa chini, na aseme ni la upande gani wa barabara.