Tupeane uzoefu: kuweka fremu kwenye picha za kidijitali

#1
Wakuu, salamu. Naanza na langu.

Nilikuwa na picha ya mwisho ya bibi, ameketi, mkono mmoja umeshika mkongojo pembeni kabisa mwa picha. Nikataka kuipamba kwa fremu ya maua ndipo niwatumie ndugu. Nikabandika fremu juu, nikahifadhi kwa jina lile lile la faili. Fremu ikala ukingo wote, mkono wa bibi ukaenda nao, na picha halisi haikuwepo tena. Mpaka leo inaniuma.

Siku hizi natengeneza nakala kwanza, halafu natanua kanvasi, yaani eneo ambalo picha imekalia, ili fremu ikae nje ya picha. Programu za kuhariri picha kama GIMP na Photoshop zote zinaruhusu. Picha ya pikseli 3000 kwa 2000, nikitaka fremu ya pikseli 150 kila upande, kanvasi naiweka 3300 kwa 2300. Hakuna kinacholiwa.

Nyie yamewakuta yapi?

#2
Pole sana mkuu. Mimi nilipata fremu nzuri ya PNG, aina ya faili la picha inayoweza kuwa na sehemu zinazopitisha mwanga, na katikati iko wazi. Nikaipunguza ukubwa nikaihifadhi kama JPEG iwe nyepesi. Kila nikiiweka juu ya picha, naona weupe mtupu. Jioni nzima nahangaika na leya (matabaka ya picha yanayopangwa moja juu ya jingine), kumbe JPEG haitunzi uwazi, inaujaza rangi. Ikabidi niipakue upya.

#3
Yangu ilitokea kwenye kuchapa. Kwenye skrini fremu nyembamba imenyooka vizuri, karatasini kushoto imebaki kama uzi na kulia nene. Picha inayojaza karatasi yote hukuzwa kidogo ili izidi kingo, na ziada hukatwa. Ikisogea milimita 2 tu, fremu nyembamba inaumbuka. Sasa kwa picha ya sentimita 10 kwa 15 naweka fremu ya milimita 8, yaani kama pikseli 95 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi. Tangu hapo sijaaibika.

#4
Msivute fremu ya mraba iende na picha ndefu. Maua yangu ya duara yaligeuka mayai.

#5
Kwangu shida ilikuwa rangi. Wanangu walivaa njano, nami nikaweka fremu ya njano iliyokoza. Jicho likawa linakimbilia kwenye fremu, sura za watoto hazionekani. Nikachukua kijani cha giza kutoka kwenye majani ya nyuma yao kwa ile zana ya kuchota rangi, picha ikatulia. Sichagui tena rangi nje ya picha yenyewe.

Mleta mada, ile ya bibi hukuwahi kumtumia mtu kabla ya kuiwekea fremu? Kagua barua pepe za zamani, ulizia na ndugu.

#6
Asante sana #5. Nimemuuliza dada yangu mkubwa, anayo. Ni ndogo, pikseli 1280 kwa upande mrefu, na imebanwa sana. Lakini mkono upo, na mkongojo upo.