Eti "hapa kuna msiba?" Makuti ya kupambia Idi yaitwe msiba!

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Yule mkodisha mapambo wa hapa Tanga, mnamjua nyote, yule wa matao ya maua ya plastiki na kitambaa, kasimama mlangoni kwangu leo Idi mosi, biriani bado inafuka, kayatazama makuti kauliza: "Hapa kuna msiba?"

Msiba! Picha nimeiweka, jionee wenyewe. Makuti mabichi, yamekatwa jana alasiri, kila kuti limepasuliwa katikati ya uti, nusu upande huu wa mlango nusu upande ule, yamefungwa kwa kamba ya katani kwenye nondo za dirisha, hakuna hata msumari mmoja. Mbele ya wakwe!

Msiba uko kwake. Maua yake yamejaa uvunguni, juu ya kabati, mpaka jikoni, bado kidogo watu wa nyumba walale barazani. Na yananuka koga. Idi el Fitri miaka hii inaangukia Machi, masika yanabisha hodi, na kitambaa kilichoshika unyevu kikifungiwa kwenye beseni la mfuniko hakikauki tena.

Makuti nitayaweka wapi? Siyaweki. Yakinyauka nachuna chelewa nafunga ufagio, uti unakuwa kuni. Dirishani ni doti ya kanga ambayo haijakatwa, karibu mita 3, imebanwa kwa vibanio vya nguo. Sikukuu ikiisha inakatwa, inapindwa, inavaliwa. Asumini imechumwa kabla ya magharibi ingali vitumba, ikatungwa kwa uzi wa pamba, ikachanua usiku. Cha kuhifadhi hapo ni sindano.

Halafu mtu aseme hapa kuna msiba!

BintiChumbageni: Pole shoga. Huyo huyo! Maua yake meupe jua limeyapiga yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, vumbi ndani unaweza kupanda mchicha.

MzeeWaMnazi: Mwanangu, picha nimeiona. Hata mie ningeuliza nani kafariki. Umekata makuti ya chini kabisa, yale yanakaribia kuanguka yenyewe. Panda juu kidogo, chukua lililokomaa lakini kijani bado kizito. Kile kilele cha kati usikiguse, mnazi hauchipui pengine, ukikikata umeua mti. Na ukishakata, yafunike gunia bichi kivulini mpaka asubuhi.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee. Picha ni ya saa 10 jioni, jua lote liko mlangoni! Asubuhi yalikuwa kijani kibichi. Na hata yangekuwa meusi, ndiyo useme msiba mbele ya wakwe?

Barabara_ya_9: Mnalia na makuti, mie nalia na aliyebandika maputo kwa selotepu pana kwenye ukuta wa chokaa. Chokaa ni unga, selotepu inashika unga haishiki ukuta. Usiku maputo yote chini, asubuhi ukuta una madoa kama ramani. Kamba moja ya katani kutoka nondo hadi nondo, basi, maputo yote yananing'inia hapo.

MamaPongwe: Afadhali selotepu. Kuna mtu kaitundika kanga mpya nyekundu ikagusa ukuta wenye unyevu. Imechuja rangi, ukuta mwekundu. Kanga mpya loweka kwanza, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo uitundike.

BintiChumbageni: Na wenye kuibana kwa pini! Upepo wetu una chumvi, pini inashika kutu mara moja, doa la kutu kwenye kanga halitoki ng'o.

MamaPongwe: Ndimu na chumvi, anika juani. Linatoka.

BintiChumbageni: Linatoka na rangi ya kanga yenyewe!

Barabara_ya_9: Mie doti yangu iliazimwa tangu Maulidi, eti ya kupambia dirisha siku moja. Aliyenayo anausoma uzi huu. Ina matundu ya pini au haina, irudi.