Hadithi za sauti za kutisha kwa watoto: mnazichaguaje?

mama_wawili
Habari zenu. Natafuta hadithi za sauti za mafumbo, zenye kutisha kidogo, za kusikilizwa pamoja na mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 5. Programu nyingi zinaandika tu "kwa watoto", basi. Nitajuaje mapema kwamba hii itawasisimua na ile itawanyima usingizi?

fundi_sauti
Dada, anza na dakika tano za mwisho. Kwa mfano, kile kilichokuwa kinagonga darini kimejulikana ni nini? Kama ni tawi la mti, paka, au mwizi aliyekamatwa, mtoto anabaki na jibu. Hadithi ikiishia kwa kicheko gizani na kugonga kukaanza upya, wa miaka 5 atalala akisubiri kugonga huko.

Kisha rudi katikati, na safari hii sikiliza kilicho nyuma ya maneno. Wazazi wengi hukagua maneno peke yake, ilhali hofu kubwa inatengenezwa na sauti. Mngurumo mzito unaovutwa dakika mbili bila kukatika unabana kifua hata kama msimulizi anasema tu "walipanda ngazi". Ukimya unaofuatwa na kishindo ndio mbaya zaidi: mwili unaruka kabla akili haijaelewa kitu. Mlango unaolia kwiii, upepo, nyayo kwenye mbao, hizo hazina neno.

Angalia pia kama rekodi ina minong'ono ya chini sana. Mtu anaongeza sauti ili asikie, sekunde kumi baadaye mtu anapiga yowe, na spika iko juu. Pima sauti kwa sehemu yenye kelele, si kwa utangulizi.

Na kwa mdogo, spika badala ya hedifoni. Mnong'ono wa ndani ya sikio anauhisi kama mtu yuko begani kwake. Yule mkubwa akivaa hedifoni, kikomo cha sauti cha Shirika la Afya Duniani kwa watoto ni desibeli 75, kwa saa 40 kwa wiki.

mkutubi_wa_watoto
Naongezea upande wa hadithi yenyewe. Wakisikiliza pamoja, chagua kwa kipimo cha mdogo. Mkubwa awe na zake za peke yake. Wa miaka 5 anafaa kupewa msimulizi mmoja, dakika 10 hadi 15, na fumbo la kitu kilichopotea. Mzazi kutoweka katika hadithi humtisha kuliko mzimu wowote, kwa hiyo ziache hizo.

Wa miaka 9 anaweza dakika 25 na washukiwa watatu. Hakikisha dalili zimesikika kabla ya jibu: ufunguo uliolia mfukoni mwa mtu mwanzoni, ndio umfichue mwishoni. Jibu likidondoka tu, anahisi amedanganywa, na ana haki. Sauti za wahusika nazo zitofautiane waziwazi. Hakuna picha ya kumwonyesha nani anaongea.

mama_wawili
Asanteni sana. Na akiogopa katikati, nizime?

mkutubi_wa_watoto
Ukizima na kuacha hapo, anabaki na fumbo bila ufumbuzi, na kichwa chake kitalimalizia vibaya. Simamisha, washa taa, muulize, "Unadhani ni nini kinachogonga?" Akishasema, punguza sauti na muruke hadi pale siri inapofichuka. Akikataa kusikiliza, msimulie mwisho kwa mdomo wako. Mfundishe pia kubonyeza kitufe cha kusimamisha mwenyewe: picha mtu hufumba macho, masikio hayafumbiki.

fundi_sauti
Kwa sababu hiyohiyo ya fumbo kuachwa bila ufumbuzi, usitegemee kipima muda cha programu wakati wa kulala. Hukata popote, hata mlango ukiwa ndio unafunguliwa. Weka kisimame mwisho wa sehemu, kama programu inaruhusu, na zima uchezaji wa kujiendeleza, maana sehemu inayofuata huenda ikawa ya umri mwingine kabisa.