Kampeni nne za Wangari Maathai: ni njia ipi ya kwenda Bungeni iliyokuwa na nguvu zaidi?

Karani_Mstaafu

Ndugu zangu, binti wa marehemu dada yangu amenijia na nia ya kuwania ubunge katika uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027, naye ameniomba nimsaidie kupima njia nne zilizo mbele yake: tiketi ya chama kikubwa, tiketi ya chama kidogo, kusimama kama mgombea huru, au kuwania kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Sikutaka kumjibu kwa maneno ya jumla. Nimeona ni heri tumtazame mtu mmoja aliyegonga mlango wa Bunge la Kenya mara nne katika hali nne tofauti, na kila mara akajibiwa vingine.

Wasifu wa Profesa Wangari Maathai wengi wenu mnaujua. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akasomeshwa na watawa huko Mathari na kisha Loreto Limuru, akapata shahada ya kwanza huko Kansas, Marekani, mwaka 1964 na ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Mwaka 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt, ambalo kazi yake ilikuwa vitalu vya miche mikononi mwa wanawake wa vijijini. Mtu wa namna hiyo ungedhani angepokelewa Bungeni kwa mikono miwili. Hata hivyo, tangu jaribio lake la kwanza hadi alipoapishwa ilipita miaka ishirini.

Mwaka 1982 jina lake halikufika hata kwenye karatasi ya kura. Mwaka 1997 lilifika, akapata kura chache. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura. Mwaka 2007 alishindwa katika mchujo wa chama, kisha akashindwa tena debeni. Mtu ni yule yule, na elimu yake ni ile ile. Naomba mnisaidie kueleza ni nini kilichobadilika, maana huyu binti ana hamu kubwa na sipendi aingie akiwa hajafumbuliwa macho.

Wakili_wa_Mashinani

Mzee Karani, shikamoo. Naomba nianze na mwaka 1982, kwa kuwa watu hulipita jaribio lile haraka kama kwamba halikuwa kampeni, ilhali kwa mwaniaji mpya ndilo lenye mafunzo mengi kuliko yote.

Kiti cha ubunge kilikuwa wazi nyumbani kwao Nyeri. Sheria ilimtaka mtumishi wa chuo kikuu ajiuzulu kabla ya kugombea, naye akajiuzulu. Baada ya hapo akaambiwa kwamba hastahili kugombea kwa sababu hakujiandikisha kuwa mpiga kura katika uchaguzi wa mwaka 1979. Aliliona dai hilo kuwa la uongo na lisilo na msingi wa kisheria, akaenda mahakamani. Tafakarini ratiba ya siku ile: kesi inasikizwa Nairobi saa tatu asubuhi, na iwapo atashinda, makaratasi yake ya uteuzi yanapaswa kuwa yamewasilishwa Nyeri kabla ya saa tisa alasiri ya siku hiyo hiyo. Jaji alimwondoa kwa hoja ya kiutaratibu kwamba alipaswa kujiandikisha upya. Alipoomba kurudishiwa kazi yake alikataliwa, na kwa kuwa nyumba aliyoishi ilikuwa ya chuo, akatolewa humo pia. Kabla mpiga kura hata mmoja hajaulizwa maoni yake, mgombea alikuwa amekwisha kupoteza kiti, kazi na makao.

Ni kweli kwamba huo ulikuwa wakati wa chama kimoja, na mwaka huo huo kifungu cha 2A kiliingizwa katika katiba kulifanya jambo hilo kuwa la kisheria. Lakini msidhani mlango ule umeng'olewa. Ibara ya 99 ya Katiba ya 2010 bado inataka mgombea awe mpiga kura aliyeandikishwa, na bado inamzuia anayeshikilia wadhifa wa umma. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha vyama, mwulize mpwa wako mambo mawili: je, jina lake limo katika daftari la wapiga kura, na je, ataishi vipi baada ya kuacha mshahara?

Mama_Ushirika

Nakubaliana na wakili kuhusu makaratasi, lakini mimi naona jaribio la mwaka 1997 ndilo linalofaa kulinganishwa zaidi, kwa kuwa pale mgombea alifika kwenye sanduku la kura na bado hakupita.

Aliamua kugombea mwezi Novemba, uchaguzi ukiwa tarehe 29 Desemba. Alisimama kwa tiketi ya chama cha Liberal, akiwania urais na ubunge kwa pamoja. Vijana wa leo hushangaa kwa nini mtu awanie viti viwili, lakini katiba ya zamani ilimtaka rais awe pia mbunge aliyechaguliwa, kwa hiyo hapakuwa na namna nyingine. Siku yenyewe ya kupiga kura, magazeti yakabeba uvumi kwamba amejiondoa na kumwunga mkono mwingine. Chama kikubwa chenye mawakala katika kila kituo kinaweza kuuzima uvumi wa namna hiyo kufikia saa nne asubuhi. Chama kidogo kilichoanza kampeni wiki chache tu kabla hakina miguu ya kuufukuza.

Kuna jambo la pili ambalo sioni likitajwa. Mgombea urais wa chama cha Democratic mwaka ule alikuwa Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya, na Othaya na Tetu ni majirani ndani ya Nyeri ile ile. Mpiga kura wa Nyeri aliyetaka Rais Moi aondoke alikuwa na mtu wake tayari, mwenye chama kilichokita mizizi tangu 1992. Kumwomba mpiga kura huyo amwache ni kama kumwomba achome daraja alilosimama juu yake.

Sasa mlinganishe na Charity Ngilu. Mwaka ule ule naye aliwania urais kwa chama kidogo, Social Democratic, naye ni mwanamke, na urais hakuupata. Lakini kiti chake cha Kitui ya Kati alikihifadhi. Tofauti ni kwamba alikuwa amekwisha kukishika tangu 1992, wapiga kura wake wakiwa wamemwona kazini kwa miaka mitano. Kwa maoni yangu chama kidogo hakimzuii mtu ambaye msingi wake nyumbani umekwisha kujengwa. Humzuia yule anayetarajia kuujenga wakati wa kampeni.

Wakala_wa_2002

Mimi nilikuwa wakala wa chama katika kituo kimoja cha mkoa wa Kati tarehe 27 Desemba 2002, ingawa si ndani ya Tetu, na ningependa mwaka ule uelezwe na mtu aliyekuwa chumbani.

Ulikuwa mwaka wa kwanza kura kuhesabiwa kituoni badala ya kusafirishwa kwanza hadi makao ya eneo bunge. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa mbao, taa ya karabai ikining'inia kwenye boriti. Msimamizi aliinua kila karatasi, akaigeuza ili sote tuione, akataja jina, akaiweka kwenye rundo lake. Rundo la NARC, muungano wa vyama vya upinzani ambao Wangari aligombea kwa tiketi yake, lilipanda hadi likaanza kuegemea upande mmoja, ikabidi ligawanywe mara mbili. Rundo la pili lilibaki jembamba hata ungeliweza kulibeba kwa vidole viwili. Kisha tukahesabu za ubunge, na picha ikawa ile ile, kana kwamba mkono mmoja ulipiga kura zote tatu, za rais, mbunge na diwani.

Kwa hiyo ninaposikia asilimia 98 zikitajwa kuwa ushindi wa jina la Wangari peke yake, huwa nasita. NARC ilipata viti 125 kati ya 210, na katika mkoa wetu mwenye tiketi yake alikuwa na nusu ya safari mkononi kabla ya kuondoka nyumbani. Wimbi lile halikuwa lake, lakini sina budi kusema pia kwamba yeye ni miongoni mwa walioliandaa. Alipopinga mwaka 1989 ujenzi wa jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, alipoketi na akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, alipopanda miche katika msitu wa Karura watu wakimpiga, hakuwa na kiti wala tiketi. Wimbi lilipofika, lilimkuta amesimama mahali ambapo kila mtu alimwona.

Mkulima_Mlimani

Ndugu Wakala ameeleza vizuri jinsi wimbi linavyomwinua mtu, basi mimi niseme jinsi linavyomshusha.

Kati ya 2003 na 2005 mbunge wa Tetu alikuwa naibu waziri wa mazingira. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuipata. Mwaka 2005 akawa rais wa baraza la uchumi, jamii na utamaduni la Umoja wa Afrika, na akapewa pia jukumu la balozi wa misitu ya bonde la Kongo. Ni heshima iliyotugusa sote, nami niliipokea kama yangu. Lakini siku zina saa zile zile, na kuanzia 2003, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge ilipoanzishwa, mpiga kura wa Kenya alipata kipimo kipya cha mbunge: darasa lililoezekwa, zahanati iliyofunguliwa, karo iliyolipiwa mtoto wa jirani. Kipimo hicho hakina mahali pa kuandika bonde la Kongo. Mimi naamini kipimo hicho ni finyu, na kwamba msitu wa Aberdare unaotupa maji ni maendeleo kuliko darasa lolote, lakini mgombea hupimwa kwa kipimo kilichopo mkononi mwa mpiga kura.

Pili, mwaka 2007 hapakuwa tena na NARC ya pamoja. PNU ilikuwa muungano wa Rais Kibaki ambao vyama vyake vilisimamisha wagombea wao wenyewe dhidi ya wenzao, kwa hiyo tiketi haikuwa tena na uzito wa 2002. Aliposhindwa katika mchujo alihamia chama kidogo, na katika wiki chache zilizobaki akashindwa mwezi Desemba. Hakuwa peke yake, kwani mawaziri wengi walipoteza viti mwaka ule.

Wakili_wa_Mashinani

Mzee Mkulima amegusa jambo ambalo kisheria ni zito. Wakati ule mgombea hangeweza kusimama bila kudhaminiwa na chama. Ndiyo maana aliyeshindwa katika mchujo alilazimika kutafuta chama kingine, na kukifanyia kampeni kwa jina na alama ambayo wazee wa kijijini hawajawahi kuiona.

Tangu Katiba ya 2010, ibara ya 85 inaruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi, na ibara ya 99 inamtaka aungwe mkono na wapiga kura 1,000 walioandikishwa katika eneo bunge lake. Kwa uchaguzi wa 2027 maana yake ni kwamba lazima awe nje ya chama kufikia tarehe 10 Mei. Kwa hiyo njia hii haifai kuwekwa kama kimbilio la baada ya mchujo. Ukiichagua, ichague mapema, na ukusanye zile sahihi 1,000 mlango kwa mlango, kazi ambayo yenyewe ni kampeni.

Mama_Ushirika

Niongeze kwa ufupi kuhusu kiti cha mwakilishi wa wanawake, ambacho Profesa hakuwahi kuwa na nafasi ya kukifikiria, kwa kuwa kilianza kupigiwa kura mwaka 2013, naye alifariki tarehe 25 Septemba 2011. Viti hivyo ni 47, na watu humwambia kila mwanamke akimbilie huko. Lakini kaunti ya Nyeri ina maeneo bunge sita, na mwaniaji wa kiti hicho huyazunguka yote, kwa mafuta ya gari na mabango mara sita, ilhali hazina ya maeneo bunge iko mikononi mwa wabunge wenzake. Mwaka 2013 wanawake 16 tu ndio waliochaguliwa katika maeneo bunge 290. Sipendi kuona idadi hiyo ikitumiwa kama sababu ya kuwaelekeza wote upande mmoja. Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu kwanza, kisha mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni Kenya, na alichaguliwa na mji uliokuwa umekwisha kuiona kazi yake.

Karani_Mstaafu

Nimewasoma wote, na jana jioni nilimsomea mpwa wangu majibu haya neno kwa neno. Nilidhani angeniuliza kuhusu vyama. Aliniuliza kuhusu saa tisa alasiri, akataka kujua kutoka Nairobi hadi Nyeri ni kilomita ngapi, nikamwambia ni kama 150. Akanyamaza kwa muda.

Kiti cha kaunti ameamua kukiacha, kwa kuwa kazi yake ya miaka tisa na vikundi vya wanawake iko ndani ya kata tatu za eneo bunge moja. Kati ya chama na kusimama huru hajaamua, lakini amekubali kuamua kabla ya mwisho wa mwaka huu badala ya kungoja mchujo umwamulie. Kesho asubuhi tunakwenda pamoja kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi kulitazama jina lake katika daftari. Alijiandikisha akiwa chuoni, katika kaunti nyingine, na hajahamisha.