Mtaa wa makazi umegeuka mtaa wa baa: tufunge biashara au tubadili mchoro?

JIRANI WA UKUTA (mleta hoja)

Wakuu, heshima kwenu. Kiwanja changu ni cha makazi. Hati inasema hivyo, mchoro wa mipangomiji unasema hivyo. Nilipoomba kibali cha ujenzi nilirudishwa mara mbili: kwanza ukuta umekaribia mno mpaka, kisha shimo la maji taka limemwelekea jirani. Nikasogeza vyote na fundi nikamlipa upya. Leo jirani huyo huyo ana baa nyuma, gesti mbele, na chini ya mwembe kuna gereji bubu inayopiga rangi magari hadi Jumapili. Mpangaji wangu wa chumba cha uani, muuguzi wa zamu za usiku, amehama wiki iliyopita kwa kukosa usingizi mchana. Mtaa siutaji, sikuja kumshitaki mtu.

Ninachouliza ni hiki. Kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007, ardhi ya mjini haiendelezwi bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya biashara ni kubadili matumizi. Utaratibu upo, hata matangazo yake tunayaona magazetini. Sasa kwa nini anayefuata utaratibu ndiye anayechelewa na kulipa, na aliyejenga kwanza anasubiri tu urasimishaji, yaani kupimiwa na kumilikishwa baada ya kujenga, umkute alipo? Mimi nasema wafungwe. Karibuni, matusi tuyaache mlangoni.

MAMA FREM

Mkuu, pole na kelele, ila kwenye kufunga hatutaelewana upesi. Marehemu mume wangu alistaafu, kiinua mgongo kikaishia kwenye bati. Tukatoboa ukuta wa mbele, tukaweka frem tatu: saluni, genge na wakala wa pesa. Hizo frem zimesomesha watoto wawili. Leseni zinalipiwa kila mwaka, ushuru wa taka natozwa kwa bei ya biashara, si ya nyumba. Anayekuja kuchukua hela ananiita mfanyabiashara. Anayekuja na karatasi ya mipangomiji ananiita mkazi. Na wote wawili wanatoka jengo moja! Waelewane wao kwanza, mimi nitawasikiliza.

MPIMAJI MSTAAFU

Huyu mama kagusa penyewe. Nitasema kidogo kwa sababu kazi hii nimeifanya.

Chukueni Sinza ya Dar, maana kila mtu anaijua. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 1970 kwenye mradi wa viwanja na huduma uliokuwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja, ikachonga barabara, ikavuta maji, na mwananchi akajenga mwenyewe kwa uwezo wake. Aliyechora alimwona mtu anayeamka asubuhi, anapanda basi kwenda kazini mjini, jioni anarudi kulala. Nusu karne baadaye kazi ndiyo imemfuata Sinza. Watoto wameoa, mzee hayupo, aliyerithi anauza, na mwenye hela ya kununua ni mwenye gesti. Hamuwezi kumtuma mgambo akamrudishe mtu huyo kwenye basi la asubuhi.

Lakini msije mkanielewa kwamba mchoro ni karatasi tu. Kuna kosa la karatasi na kuna kosa la zege. Frem ya saluni kwenye kiwanja cha makazi ni kosa la karatasi, unalirekebisha ofisini. Nafasi kati ya nyumba na nyumba ndipo moto unaposhindwa kuruka na gari la zimamoto linapopata njia. Ukiijaza, hakuna muhuri utakaoirudisha. Na ghorofa unayoiongeza juu ya nguzo ambazo hazikupigiwa hesabu yake, hiyo wala tusiijadili. Machi 2013 jengo la mtaa wa Indira Gandhi pale Dar liliporomoka likaua watu 36. Novemba 2024 tukafukua tena kifusi, safari hii Kariakoo. Mkaguzi akiwa na siku moja tu kwa wiki, ningependa aimalizie kwenye zege.

FUNDI MNYOOFU

Toka saiti: kazi isiyo na kibali tunaitwa sikukuu. Pasaka, Idi, mwisho wa mwaka. Ofisi zimefungwa siku nne, wakirudi ukuta umeshafika lenta. Zuio linakuja limeandikwa "simamisha ujenzi" wakati sisi tunapiga rangi. Mimi sioni aibu kusema, kwa sababu hata majirani wanaona lori la mchanga linashusha usiku na hakuna anayepiga simu. Mnaogopa kuonekana wachawi.

ANAYEPITA KIMARA

Wanaotaka nguvu wakumbuke bomoabomoa ya Kimara ya 2017. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ndiyo maana kuna X za aina mbili zinazochorwa kwenye nyumba za kubomolewa: ya kijani ni ya waliokutwa na hizo mita 7.5 zilizoongezwa, wana fidia. Nyekundu hawana kitu. Ila Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, kwa sheria za zamani. Nyumba zilizoanguka pale zilikuwa na mita za umeme na za maji. Fundi wa umeme alipanda nguzo akaunga, hakuna aliyemwuliza anaunga nyumba iliyo ndani ya hifadhi. Miaka kadhaa baadaye likaja greda. Hapo mtu anaadhibiwa kwa kosa ambalo dola nzima ilimsaidia kulifanya.

JIRANI WA UKUTA

Nimewasoma wote. Narudi nyuma hatua moja, si mbili.

Frem za mama zibaki. Barabara pana za mtaa zichorwe upya, makazi na biashara pamoja, tuache kujidanganya. Vichochoro vya ndani vibaki vya kulala. Leseni ya biashara isitoke kabla afisa mipangomiji hajaangalia kiwanja, na umeme usiungwe kabla ya kibali kuonekana, hapo hata greda halitahitajika. Zuio lifike msingi unapochimbwa. Mwenyekiti wa mtaa analiona lori la mchanga kabla ya mtu yeyote, apewe meno na awajibishwe akinyamaza.

Ila baa isiyo na dari kwenye uchochoro wa mita sita, hapana. Kanuni za kelele zipo tangu 2015, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia baa kadhaa kwa kelele, kwa hiyo tusiambiane haiwezekani. Na gereji bubu ihamie panapostahili. Rangi ile tunaivuta sisi.

MAMA FREM

Nashukuru kwa frem zangu, mkuu. Sasa nijibu na hili moja: kile chumba cha uani alichohama muuguzi, kibali chake ni cha lini?

JIRANI WA UKUTA

Hakina. Kilijengwa Pasaka.